Pumzi ya Gari Kuukuu

Swali linaloulizwa mara nyingi na wenye magari ya zamani hapa kisiwani ni hili: Kabureta ya injini yangu imechakaa, na ya asili yake haipatikani tena madukani. Je, yafaa kufunga kabureta ya gari jingine?

Najibu kwamba yafaa. Watu wa nchi nyingi wamefanya hivyo, na magari yao yakaendelea kwenda miaka mingi. Lakini liko sharti moja. Kabureta ngeni haina budi kupimwa kwa injini itakayoilisha. Isichaguliwe kwa urahisi wa bei, wala kwa sababu ndiyo iliyokuwapo karakana siku ile.

Nitaeleza kwa urefu kidogo, kwani jambo hili si la mafundi peke yao. Gari kuukuu la petroli lenye silinda sita aghalabu ni mali ya ukoo. Yuko aliyelinunua, wako ndugu waliolirithi, yuko dereva anayekula kwalo, na wako watoto ambao ada zao za skuli hutoka katika mizigo ya nazi, ndizi, mawe na kuni. Kabureta ikifungwa ovyo, hasara haimwangukii fundi aliyekwisha kupokea ujira wake. Huwaangukia hao.

Magari tunayoyasema

Watu wazima wa Unguja wanalikumbuka vema lori la Bedford. Liliingia kisiwani likiwa na kichwa na chesisi, maseremala wetu wakalijengea bodi ya mbao na mabenchi, likachukua watu na mizigo kutoka shamba hadi mjini. Nyingi katika Bedford za petroli za miaka ya 1940, 1950 na 1960 zilikuwa na injini ya silinda sita ya sentimita za ujazo 3,519, yaani lita tatu na nusu. Baadhi ya wenye malori hayo waliitoa injini ile wakaweka ya dizeli. General Motors iliacha kuyatengeneza malori ya Bedford kule Uingereza katika mwaka wa 1986, na tangu hapo vipuri vyake vimezidi kuadimika.

La pili ni Land Rover ndefu ya silinda sita, ya sentimita za ujazo 2,625, iliyoanza kuuzwa mwaka 1967 na kuachwa mwaka 1980. La tatu ni Toyota Land Cruiser ya petroli. Injini yake iliyotangulia ilikuwa ya 3,878, na kuanzia mwaka 1975 ikaja ile iitwayo 2F, ya 4,230.

Magari mengi yaletwayo sasa kutoka Japani hayana kabureta kabisa; petroli yao hunyunyizwa kwa umeme. Kwa hiyo kabureta za kuazima hutoka katika teksi na pikapu za miaka ya 1970 na 1980, na nyingi katika hizo ni za injini ndogo za silinda nne. Hapo ndipo penye mashaka, na hapo ndipo panapotaka hesabu.

Kabureta hufanya kazi gani?

Alikuwako Mtaliana mmoja, Giovanni Battista Venturi, aliyezaliwa mwaka 1746 na kufariki mwaka 1822. Alikuwa padre, na tena mwalimu wa fizikia. Mwaka 1797 alitoa maandishi juu ya maji yanayopita katika bomba lililobanwa katikati. Alionyesha kwamba pale palipobanwa maji huenda mbio zaidi, na msukumo wake hupungua. Hewa nayo hufuata kanuni hiyo.

Ndiyo siri yote ya kabureta. Pistoni inaposhuka huvuta hewa. Hewa hiyo hupita katika koo jembamba la kabureta, na kwa kuwa hapo huenda mbio, huacha mvuto. Mvuto huo hunyonya petroli kutoka katika bakuli kwa njia ya kitundu kidogo kiitwacho jeti. Petroli hupasuka kuwa ukungu, huchanganyika na hewa, na huingia katika silinda kuwashwa na plagi. Ndani ya bakuli limo boya, na boya hilo hufunga na kufungua sindano ya kuingizia petroli, kama vile boya la tangi la maji nyumbani.

Mchanganyiko mwema ni wa uzito wa sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu moja ya petroli. Tukipima kwa ujazo, lita moja ya petroli hutaka hewa kiasi cha lita 9,000, kadiri ya kujaza mapipa 45 ya lita 200. Kwa hiyo injini ya petroli, kabla ya kuwa mnywaji wa mafuta, ni mvutaji wa pumzi. Akina mama wanaelewa jambo hili upesi, kwani ni kama uji: unga ukizidi huwa ugali, maji yakizidi huwa kinywaji cha mgonjwa. Petroli ikizidi, gari hutoa moshi mweusi na kula mafuta. Hewa ikizidi, gari hukohoa, hukosa nguvu, na injini hupata moto kupita kiasi.

Kwanza hakikisha ndiyo mgonjwa

Kabureta husingiziwa makosa mengi yasiyo yake. Gari likikosa nguvu, watu hutazama kile chombo chenye skrubu nyingi na kusema, “Ndiyo huyo.” Lakini kabla ya kuifungua hata nati moja, yafaa kutazama haya: pointi na kondensa, muda wa kuwaka kwa plagi, nafasi za valvu, pampu ya petroli, na tundu la pumzi katika kifuniko cha tangi. Tundu hilo likizibwa na vumbi, petroli haishuki, na gari huzima njiani kana kwamba limerogwa.

Tena itazamwe gasketi iliyo baina ya injini na manifodi, yaani bomba la matawi ligawalo mchanganyiko kwa silinda. Gasketi ikipasuka huingiza hewa ya wizi, na hapo kabureta njema kuliko zote haiwezi kufanya kitu. Ili kuijua, washa injini, chukua brashi, upake mafuta mazito kidogo penye maungo. Mlio wa injini ukibadilika, umemkamata mwizi. Usijaribu kwa petroli hata siku moja, maana bomba la moshi liko hapo hapo, nalo ni moto.

Nitatoa mfano wa Land Rover ya silinda sita. Nyingi katika hizo zina kabureta ya Stromberg. Ndani yake mna pistoni inayopanda na kushuka, nayo imeshikwa na ngozi nyembamba ya mpira. Ngozi hiyo ikichanika, pistoni haipandi, na gari hushindwa hata mlima mdogo. Wako waliotupa kabureta nzima kwa sababu ya ngozi iliyochanika. Dawa yake ni kufungua skrubu nne za juu, kuitazama ngozi kwenye mwanga, na kuweka nyingine. Kadhalika penye kijiti cha juu hutakiwa mafuta mepesi. Yakikauka, gari hushtuka kila likanyagwapo eksileta.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kuosha bakuli, kubadili sindano na gasketi, na kupuliza njia zake kwa hewa kumefufua kabureta nyingi zilizokwisha kuhesabiwa marehemu. Iliyokufa kweli hujulikana kwa ishara mbili. Ya kwanza ni mhimili wa kipepeo, yaani lile bamba la duara lifunguliwalo na eksileta, kulegea katika tundu lake hata ukaweza kuutikisa kwa vidole. Ya pili ni mwili wa kabureta kuliwa na chumvi. Sisi tunakaa katikati ya bahari, na madini laini ya kabureta huota unga mweupe, hasa gari likilazwa muda mrefu na maji yamo ndani ya bakuli. Mhimili huenda ukatiwa bushi na fundi wa mashine, lakini mwili ulioliwa hauna tiba.

Hesabu ya pumzi

Sasa tuseme kabureta imekufa, nawe unaletewa nyingine. Swali la kwanza ni hili: Je, koo lake latosha?

Hesabu yake yaweza kufanywa na mtoto wa skuli. Injini ya aina hii huvuta pumzi yake nzima kila inapozunguka mara mbili. Bedford ya lita 3.5, ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, ingepaswa kuvuta lita 5,278. Lakini silinda hazijai sawasawa. Tukikadiria kwamba hujaa asilimia 80, tunapata lita 4,200 hivi kwa dakika.

Sasa chukua gari dogo la silinda nne la lita 2, likizunguka mara 5,000 kwa dakika. Kwa hesabu ile ile litavuta lita 4,000. Tazameni ajabu hii! Lori kubwa na gari dogo huvuta pumzi karibu sawa, kwa sababu kubwa huenda pole na dogo huenda mbio. Kwa hiyo fundi asemaye kwamba kabureta ya gari dogo haiwezi kamwe kulisha lori hakusema kweli.

Lakini asemaye kwamba kabureta yoyote itafaa naye amekosea. Gari la lita 1.6, kwa mizunguko hiyo ya 5,000, huvuta lita 3,200 tu. Kabureta yake itaikaba Bedford pindi ikipandisha na mzigo. Na Land Cruiser ya 4,230, ikizunguka mara 3,500, hutaka lita 5,900 hivi. Kabureta iliyotosha katika lori la jirani yako haitakutosha wewe. Ndiyo maana nasema hesabu ije kabla ya spana.

Mtu atauliza, “Basi kwa nini nisiweke kubwa kabisa, nikaondoka mashakani?” Kwa sababu katika koo pana hewa hutambaa. Haina mvuto wa kunyonya petroli vema, na petroli huingia kwa matone badala ya ukungu. Lori la shamba hufanya kazi yake kwa mizunguko michache, likitoka polepole katika mchanga na mashimo na mzigo mgongoni. Likipewa koo pana mno litakuwa zito pale pale linapotakiwa kuwa jepesi. Kwa gari la mzigo, koo lililobana kidogo ni afadhali kuliko lililozidi.

Kwa hiyo mafundi wa nchi nyingi hupenda kabureta ya Weber yenye makoo mawili, ya milimita 32 na 36 penye vipepeo. Koo la kwanza hufanya kazi peke yake gari liendapo taratibu, na la pili hufunguka dereva anapokanyaga sana. Kabureta hizo zilifungwa katika magari mengi, Ford zikiwamo. Kwa Bedford na Land Rover zaweza kufaa. Kwa Land Cruiser ya 2F wengi huiona ndogo, wakachukua yenye makoo ya 38 yanayofunguka pamoja.

Jeti na namba zake

Koo likitosha, kazi haijesha. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba ya kabureta ngeni ni jeti zake. Zilipimwa kwa injini ile ya kwanza, si kwa yako.

Jeti za makampuni mengi zina namba iliyochongwa kichwani, nayo ni upana wa tundu kwa sehemu za mia za milimita. Jeti ya 130 ina tundu la milimita 1.30. Usidhani kwamba kutoka 130 kwenda 140 ni hatua ndogo. Tundu hupitisha kwa eneo lake, na eneo hilo huongezeka kwa asilimia 16. Ni sawa na mpishi aliyeongeza chumvi karibu moja ya sita. Kwa hiyo hupandishwa au kushushwa kidogo kidogo, tano kwa tano, na kila mara gari hujaribiwa.

Iko desturi mbaya ya kupanua jeti kwa sindano au waya. Tundu la jeti limelainishwa kwa ufundi mkubwa. Likikwaruzwa halina namba tena, na hakuna ajuaye linapitisha kiasi gani. Siku ukitaka kurudi nyuma hutaijua njia. Ni heri kununua jeti tatu za namba mbalimbali kuliko kuiharibu moja uliyo nayo.

Plagi ndizo shahidi. Endesha gari na mzigo wake mwendo wa kadiri, zima, kisha zifungue. Ncha ya rangi ya kahawia yaonyesha mchanganyiko mwema. Masizi meusi makavu ni petroli iliyozidi. Nyeupe kama chokaa ni hewa iliyozidi, na hiyo ndiyo ya kuogopwa. Tena zitazameni zote sita kwa kupangwa mstari. Kabureta moja iliyo katikati huzilisha kwa urahisi silinda za karibu, na ya 1 na ya 6, zilizo mbali, huweza kupata pungufu. Plagi za kati zikiwa kahawia na za mwisho nyeupe, hesabu jeti kwa zile za mwisho.

Sababu ya kuiogopa hewa iliyozidi ni hii. Injini hizi kongwe zilitengenezwa wakati petroli ilipotiwa risasi. Risasi ile ilikuwa sumu, hasa kwa akili za watoto, na nchi za Afrika kusini ya Sahara ziliacha kuiuza kufikia mwanzo wa mwaka 2006. Tushukuru kwa hilo. Lakini risasi ilikuwa pia ikivilinda viti vya valvu vya chuma cha kalibu. Leo viti hivyo havina mlinzi. Mchanganyiko ukiwa mwembamba, joto huzidi, valvu huzama katika viti vyake, na nafasi zake huzibana. Dereva huona gari linakula petroli kidogo, akafurahi. Baada ya miezi hupelekwa kichwa cha injini kwa fundi. Akiba ya lita chache imemla injini.

Namna ya kuifunga

Mashimo ya kabureta ngeni hayatalingana na ya manifodi. Hutakiwa bamba la kuunganisha, na bamba hilo liwe la aluminiamu au chuma, limenyooshwa barabara pande zote mbili, na njia yake ya ndani iteremke bila ngazi ya kukwaza hewa. Bamba la ubao na gasketi ya boksi la karatasi si la kufunga katika gari lichukualo watu.

Kabureta ya makoo mawili igeuzwe ili mihimili ya vipepeo ifuate urefu wa injini. Hivyo koo la kwanza halitaipendelea nusu ya mbele na kuinyima nusu ya nyuma.

Katika injini nyingi za namna hii manifodi ya hewa hukaa juu ya ile ya moshi, ili joto liusaidie ukungu wa petroli. Kule Ulaya wakati wa baridi hilo ni jema. Kwetu, gari likizimwa juani adhuhuri, joto hupanda na kuchemsha petroli ndani ya bakuli, na gari hukataa kuwaka mpaka lipoe. Weka kibao cha bakelaiti baina ya manifodi na kabureta, na bomba la petroli lipitishwe mbali na bomba la moshi.

Pampu nayo itazamwe. Weber hutaka msukumo usiozidi paundi 3 hivi kwa inchi ya mraba. Pampu ya zamani ya kusukumwa na injini aghalabu haizidi sana hapo. Lakini wengine hufunga pampu ya umeme iliyotoka katika gari la kunyunyiza petroli, ambayo msukumo wake ni mkubwa mara nyingi zaidi. Hiyo huishinda sindano ya boya, na petroli hufurika nje.

Kijibomba chembamba kinachokwenda kwenye distributa kisisahauliwe. Hicho huvuta pumzi kabureta na kuwahisha moto wa plagi gari liendapo kwa wepesi. Kikiachwa wazi huingiza hewa ya wizi, kikizibwa gari hula mafuta zaidi. Na chujio la hewa lirudishwe mahali pake, hata kama itabidi kutengeneza shingo mpya ya bati. Vumbi la mawe ya matumbawe katika njia zetu za shamba ni kama msasa. Kabureta iliyo wazi mdomo hupendeza kwa mlio wake, na huku pete za pistoni zinaliwa.

Mwisho ni vyuma vya eksileta. Kabureta ngeni yaweza kufunguka kwa kuvutwa upande mwingine, na mafundi huunga vijiti na waya. Fundi akikuambia tayari, mwambie mtu akanyage eksileta hadi chini, nawe utazame kama kipepeo kinafunguka chote na kurudi chenyewe. Springi za kurudishia ziwe mbili, ili moja ikikatika nyingine ifanye kazi. Lori lililonaswa eksileta katikati ya watu wa Darajani si jambo la mzaha.

Habari ya njiani

Nilikuwa abiria katika lori la bodi ya mbao tukirudi kutoka upande wa Makunduchi, na mizigo ya nazi na mihogo juu. Tulipopita msitu wa Jozani bibi mmoja aliyekaa mbele akasema, “Wanangu, mbona yanuka petroli?” Utingo akacheka, akamjibu, “Bibi, hili ni gari la petroli, litanuka karafuu?” Bibi hakucheka. Akagonga ubao kwa kiganja na kusema, “Simamisha, mwanangu. Mimi nina wajukuu humu.”

Dereva, mtu mwenye adabu, akasimamisha. Alipoinua boneti tukaona kabureta ya gari dogo, iliyofungwa siku chache kabla katika karakana moja, imekaa juu ya bamba la ubao. Ubao ulikuwa umekauka kwa joto na kusinyaa, nati zimelegea, na petroli ikidondoka tone tone pembeni mwa bomba la moshi. Tulishuka sote, kina mama na watoto mbele. Hakuna aliyeumia. Dereva alimpa yule bibi mkono kwa heshima, akamwambia, “Ahsante, mama. Leo umetuokoa.”

Hesabu ya bamba la ubao ni hiyo. Aliyelifunga alipunguza gharama ya kipande cha aluminiamu, na upande wa pili wa mizani palikuwa na watu wote wale.

Maswali ya kumwuliza fundi

Wala sisemi haya ili kuwadharau mafundi wetu. Wako mafundi wa Ng'ambo wenye mikono ya dhahabu, ambao bila wao magari haya yangekwisha kuwa vyuma chakavu zamani. Fundi mwema hachukii kuulizwa. Hufurahi kuona mwenye gari anajali. Basi msomaji, ikiwa wewe au jamaa yako ana gari la namna hii, kata kipande hiki ukakiweke katika kijisanduku cha gari.

1. Umeyatazama mambo ya plagi, valvu, pampu na gasketi kabla ya kuihukumu kabureta?

2. Kabureta hii ilitoka katika injini ya lita ngapi, na hesabu ya pumzi yake na ya injini yangu zinakaribiana?

3. Jeti zake ni za namba gani, na unazo nyingine za kujaribia?

4. Bamba la kuunganisha ni la madini gani, na joto la chini yake umelizuia kwa nini?

5. Eksileta inarudi yenyewe, na springi ni ngapi?

6. Tutazifungua plagi lini, baada ya safari ya mzigo, tuzione rangi zake?

Akiyajibu yote sita kwa utulivu, mwachie kazi. Akijibu, “Mzee, usiwe na wasiwasi, tutalitega masikioni,” mshukuru na umwombe akupe siku mbili za kufikiri.

Baada ya kufunga, jaza tangi hadi juu, andika namba ya maili, nenda safari yako ya kawaida na mzigo wako wa kawaida, kisha ujaze tena. Fanya hivyo mara tatu katika daftari moja. Daftari halina upendeleo. Litakuonyesha kama umepata nafuu au umepata mlio tu. Wahenga walisema kipya kinyemi kingawa kidonda, na kabureta mpya hupendeza juma la kwanza hata ikiwa inaiua injini.

Tena ile kabureta ya zamani usiiuze kwa wanunuzi wa vyuma. Ioshe, ipake mafuta, ifunge katika kitambaa na uiweke pakavu. Huenda mwakani ukampata fundi wa kuutia bushi mhimili wake, au ukapata ngozi yake ya mpira kutoka Mombasa au Uingereza. Hiyo ndiyo iliyopimiwa injini yako tangu siku ya kwanza, na siku itakapoweza kurudi mahali pake hutahitaji hesabu yoyote.